Kundi la wafugaji linataka majina halisi. Nijitaje au nijitoe?

Mama Vifaranga
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, usingizi umenipaa tangu Jumapili.

Nipo kwenye kundi la wafugaji wa kuku Telegram, mwaka wa nne sasa. Kule natumia jina la kubuni na picha ya jogoo. Watu wananiamini. Mtu ananitumia picha ya kinyesi cha kuku saa saba usiku, anauliza ni kideri au kuhara damu, naamka namjibu. Sasa viongozi wanataka tuanzishe ushirika, kila mtu ataje jina kamili na kuweka picha yake, mwisho Ijumaa. Asiyetaka anatolewa. Nijitaje au nijitoe kimya kimya?

Kipanga wa Dumila
Jitaje tu dada. Pesa na jina la bandia haviendi pamoja. 2021 nililipia vifaranga 300 kwa mtu aliyejiita Mkulima Mwaminifu, mpaka leo sijaona hata unyoya.

Mjukuu wa Malenga
Jina la kubuni si utapeli. Mshairi Ustadh Andanenga alijulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza na watu walimheshimu. Baba yangu naye alikuwa akipeleka mashairi gazetini kwa lakabu, na kuna beti asingethubutu kuziandika kwa jina lake, maana mwenyekiti wa kijiji alikuwa shemeji yake. Lakabu ndiyo iliyompa ulimi.

Shangazi wa Ilula
Mdogo wangu, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya jina tu. Humo kundini unamwogopa nani?

Mama Vifaranga
Shangazi umenibana. Tajiri wangu naye yumo.

Nauza kwenye duka lake la dawa za mifugo. Friji ni moja, soda juu, chanjo chini. Jioni tukifunga anachomoa waya ili luku isiishe. Asubuhi nikifungua, boksi za chanjo ya Gumboro zimelowa maji ya barafu iliyoyeyuka, kichupa ukikishika ni vuguvugu. Nimemwambia mara mbili, akasema nisimfundishe kazi. Ndipo nikaandika kundini, bila kutaja duka: kabla hujalipa shika kichupa, kama hakina baridi kiache. Wateja wakaanza kushika vichupa. Sasa anamtafuta aliyeandika.

Kipanga wa Dumila
Kumbe! Basi nafuta kauli, usijitaje. Mwaka jana nilizika kuku 180 na nilikuwa nimechanja.

Wakili wa Mtaani
Maswali mawili. Kuna mtu umeshampa jina lako? Na umewahi kuchanga pesa humo?

Mama Vifaranga
Juzi usiku nilimtumia kiongozi mmoja picha ya kitambulisho cha NIDA. Ni mtu wa dini, ameahidi kuitunza. Mchango nilituma mara moja, msiba wa mwenzetu. Msinisute jamani, nilitaka tu nionekane mkweli.

Wakili wa Mtaani
Sikusuti. Ila ukituma pesa kwa simu, jina la usajili linamtokea mweka hazina, kwa hiyo wa kwanza kukujua si huyo kiongozi. Na tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, jina la kubuni linakuficha kwa tajiri, si kwa dola. Wewe tatizo lako ni tajiri. Mwandikie kiongozi leo hii aifute hiyo picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kitambulisho cha mtu si picha ya harusi.

Mzee wa Kisutu
Mtu wa dini sawa, lakini akibanwa je? Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, ikawa kesi ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Aprili 2020 mahakama ikamhukumu faini ya milioni 3 au jela mwaka mmoja. Kiongozi wenu atasimama hivyo kwa ajili yako, tajiri akimpigia simu tu?

Jicho la Tatu
Wakuu hii ni chai. Akaunti imefunguliwa jana. Huyu ni mwenye duka la jirani anaua biashara ya mwenzake. Au ni tajiri mwenyewe, anasubiri mmoja wetu aseme "huyo binti namjua".

Kipanga wa Dumila
Mkuu, hajataja duka wala mji. Biashara ya nani inauawa?

Jicho la Tatu
Picha ya jogoo, msiba, ushirika, mwisho Ijumaa. Mtu wa kundi hilo akipita hapa anahitaji dakika ngapi?

Shangazi wa Ilula
Hapo kasema kweli. Mama Vifaranga, upo? Waombe wasimamizi waufute uzi huu, mwanangu.

Mama Vifaranga
Nipo, nasoma mikono inatetemeka. Sijabuni neno. Kiongozi nimeshamwandikia afute, tiki mbili zimeonekana, hajajibu. Kesho saa moja nafungua duka kama kawaida.

Wasimamizi, kama mnafuta, futeni habari za jogoo na msiba. Ile ya friji iacheni. Kuna mtu kesho ananunua kichupa.