Tupeane uzoefu: uliwahi kupotea njia na wageni wa kazini kwenye baridi kali?

Kaka Spana: Wadau salaam. Leo pale Isyonje, Mbeya, nimekuta gari la wageni limepaki kwenye ukungu, hazadi zinawaka, dereva kashuka anauliza njia kwa mama muuza viazi, suti zimekaa nyuma zinamwangalia tu. Nikakumbuka nilivyowapeleka wakubwa Makete kupitia Kitulo mwezi wa saba, ukungu ukashuka hadi boneti siioni, tunakuja kushtuka tumezungukwa na ng'ombe wa shamba la maziwa. Leteni yenu.

Bi Mkasi: Nimeweka kiti, nasubiri mikasa

Mtu wa Fargo: Huo ukungu tu mkuu, subiri. Niko Marekani, Fargo, North Dakota. Ofisi ilinituma Minneapolis kuchukua wageni wa makao makuu, yumo mkurugenzi wa fedha, tunarudi kwa barabara kuu ya I-94. Anga safi, jua linawaka. Tumepita Alexandria upepo ukaanza, na asiyekaa huku haelewi, theluji haidondoki hata kidogo, ni upepo unaizoa ile ya juzi mashambani unaivurumisha barabarani, tambarare tupu hakuna mti wa kuukinga. Mbele wakafunga geti la barabara kuu, wenzetu wote wanatafuta hoteli, mkurugenzi anasema ana kikao asubuhi, tafuta njia nyingine. Simu ikanipa vibarabara vya mashambani. Lami ikaisha, nikawa nafuata visanduku vya barua kando ya njia, navyo vikaisha. Kweupe mbele kweupe nyuma, hujui unatembea au umesimama. Gari likaingia mtaroni taratiiibu. Sasa kimbembe, mkurugenzi kabanwa mkojo. Namwambia bosi fungua mlango malizia hapo hapo, akaona aibu, kashuka na viatu vya ofisini. Hatua chache tu, mtu hayupo! Tunaita, upepo unakula sauti. Nikakandamiza honi sikuiachia, mwenzake anagonga bodi la gari na chupa ya maji, mpaka tukasikia mtu anapapasa buti. Nyusi zimeganda, mkanda wa suruali kaushika mkononi. Hakuongea tena mpaka usiku mkulima alipotutoa na trekta. Tumelala kwa huyo mkulima, mkurugenzi wa fedha kapewa kitanda cha mtoto, shuka za madainosa.

Bi Mkasi: Shuka za madainosa 😂😂 nimekufa

Mkinga Halisi: Mleta mada kasema baridi, huyu kaja kututambia theluji. Kitulo ni kama mita 2,600, mwezi wa sita asubuhi majani yana barafu. Panda kona 57 za Chimala kwenda Matamba na ukungu, nyuma una mkubwa anakwambia kanyaga, ndio urudi hapa uandike.

Mtu wa Fargo: Sishindani mkuu, ila huku Januari hasi 30 inafika

Mkinga Halisi: Hasi 30 yenye hita. Gari letu la ofisi hita ilikufa, wageni wamejifunika turubai.

Wa Limuru: Hata sisi huku Kenya Julai si mchezo. Nilikuwa nimebeba wageni wa mradi tunaenda Njabini, pale njia panda ya Rironi ukungu umefunga kabisa, nikashika njia siyo, tukateremka tu, kushtukia tuko Mai Mahiu na jua linachoma. Nikawaambia hii ndiyo Bonde la Ufa, karibuni. Wakapiga picha, wakanipa na ya chai.

Kaka Spana: Hahaha huyu dereva apewe cheo

Fundi Taa: Kwenye ukungu washa taa fulu, basi.

Mkinga Halisi: Usimsikilize! Fulu inakurudia usoni huoni kitu. Taa za chini.

Dada Sweden: Huku kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu, tairi za baridi ni sheria. Na mkikwama msitoke garini. Ila kabla ya kuwasha injini mpate joto, shuka ufukue ekzosi, ikizibwa na theluji ile hewa ya sumu inaingia ndani mnalala jumla.

Fundi Taa: Usitoke, halafu shuka ufukue. Tushike lipi dada?

Dada Sweden: Shika gari wakati unafukua, mbona rahisi

Bi Mkasi: Mi nabeba chupa ya maji ya moto, kioo kikiganda namwagia

Mtu wa Fargo: Kitapasuka hicho!! Na mkojo bebeni kopo

Kaka Spana: Fargo, mkanda aliuvua wote wa nini?

Mtu wa Fargo: Ndiye anayesaini mishahara, nimuulizeje

Mkinga Halisi: Nje ya mada, kuna anayejua hita ya Land Cruiser mkonga naipata wapi Mbeya, hata iliyotumika?