Nimechelewesha ndege kwa ajili ya spana moja, nimekosea?

fundi_mdogo
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa kwanza hanga (karakana ya ndege), bado najifunza. Wiki iliyopita shifti ya usiku tumemaliza kazi kwenye injini kama saa 10 alfajiri, nahesabu vifaa kabla ya kufunga, spana namba 10 haipo. Nikamwambia mkubwa wa shifti, ikabidi tufungue tena tutafute, ndege ikachelewa karibu masaa mawili na abiria wameshafika. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita mnoko. Nilikosea?

Mzee wa Riveti
Hujakosea hata kidogo mdogo wangu. Tafuta habari za ndege ya British Airways safari namba 5390, Juni 1990, ilitoka Birmingham kwenda Málaga. Ikiwa futi elfu 17 na kitu kioo cha rubani kikang'oka, kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akatua Southampton. Wote walipona, mpaka leo nikifikiria nasisimka. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku wa kuamkia jana yake, na kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti haifiki hata milimita moja! Fundi aliyekibadilisha alizilinganisha kwa macho na zile za zamani, stoo walimwambia saizi sahihi lakini yeye akaamini macho yake.

kibosho77
Huyo ni mzembe tu, angefukuzwa mapema yasingetokea. Fundi makini hafanyi hivyo

Mzee wa Riveti
@kibosho77 hapana ndugu yangu, hapo ndipo tunapokwama. Yule alikuwa ndiye mkubwa wa shifti, mzoefu, watu pungufu, usiku mnene, na taratibu hazikumtaka mtu wa pili aje akague kazi yake. Ukimfukuza ukaacha mwanga hafifu stoo na mtu anajisainia mwenyewe, kesho anakosea mwingine, na safari hii anajua akisema anafukuzwa kwa hiyo anakaa kimya.

mama_Nuru
Naongezea ndege ya Aeroperú safari namba 603, Oktoba 1996, ilitoka Lima, Peru. Ndege ilioshwa, vitundu vinavyopima hewa vikafunikwa kwa teipu na teipu ikasahaulika. Ilikuwa rangi ya fedha kama bodi yenyewe, msimamizi hakuiona, rubani alipozunguka na tochi naye hakuiona. Vipimo vya urefu na spidi vikawa vinadanganya juu ya bahari gizani, watu 70 wakafa wote. Pale kwetu siku hizi kila kifuniko kina utepe mwekundu mrefu, na ubao wa vifaa umechorwa kivuli cha kila spana, nafasi ikiwa wazi unaiona ukiwa mlangoni. Mwombeni mkubwa wenu awawekee. @fundi_mdogo ila hujasema, hiyo spana ilikuwa wapi?

fundi_mdogo
Asanteni sana, nimepata nguvu. Ilikuwa imelala chini ya nyaya ndani ya kava ya injini, upande ambao nilikuwa nafanya kazi mimi mwenyewe.