Nimeuziwa Wazulu kwenye boksi lililoandikwa Wahehe, halafu naambiwa hakuna atakayegundua

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Kwa msioujua mchezo wenyewe: tunakusanya vijisanamu vya askari, vingi vina urefu wa milimita 28 tu, tunavipaka rangi kimoja kimoja kwa brashi nyembamba, kisha tunavipanga mezani penye vilima na miti ya kutengeneza na kupigana upya vita vilivyotokea kweli, kwa dadu, futi na kitabu cha kanuni. Huku Uingereza niliko ni mchezo wa watu wazima, una vilabu na maonyesho yake, na vita vya enzi za ukoloni vina wapenzi wengi mno. Vita vya Waingereza na Wazulu vya 1879 peke yake vina maboksi ya kila aina. Mimi ni mtoto wa Iringa. Nilichokuwa nakitaka miaka yote hii ni vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, pale Wahehe wa chifu Mkwawa walipowapiga Wajerumani.

Sasa kuna duka la mtandaoni, silitaji hapa, lilitangaza seti ya "Wahehe wa Mkwawa". Bei iko juu kuliko seti za kawaida, eti kwa sababu ni toleo adimu. Nikalipa. Boksi likaja, nikafungua, nikachukua kijisanamu cha kwanza nikakiweka chini ya lenzi. Kichwani kina pete, ile pete nyeusi ya kushonewa kwenye nywele waliyokuwa wakivaa wanaume wa Kizulu watu wazima. Mikononi na chini ya magoti kimefungwa mikia ya ng'ombe. Nikachukua cha pili, pete. Cha tatu, pete. Nikakigeuza nitazame chini ya kitako: jina la seti ya zamani limekwanguliwa nusunusu na bado linasomeka vizuri kabisa, ZULU. Yaani hawakuona hata haja ya kuficha.

Nikawaandikia kwa adabu. Jibu lao likawa kwamba kikiwa mezani, kwa umbali ule, hakuna atakayegundua tofauti.

Mimi nimegundua! Hebu wajaribu kuwauzia wateja wao wengine Wafaransa wa vita vya Waterloo ndani ya boksi la adui zao Waprussia waone moto utakaowaka. Hawa ni watu wanaoweza kubishana wiki nzima juu ya rangi ya kola ya kikosi kimoja cha 1815. Lakini zamu yetu ikifika, Mwafrika mwenye mkuki ni Mwafrika mwenye mkuki, mtoe kusini mpeleke Iringa, inatosha.

Na asinijie mtu na hoja ya Wangoni. Najua fika kwamba Wahehe walijifunza mengi ya kivita kutoka kwa Wangoni, ngao ya ngozi ya ng'ombe ikiwemo na mkuki mfupi wa kuchomea, na kwamba Wangoni asili yao ni kusini. Kujifunza kupigana kwa jirani hakukufanyi uvae pete yake kichwani. Kufikia 1891 nguo za pwani zilishafika Uhehe kitambo kwa misafara ya biashara, na bunduki kadhaa zilishaingia. Hivyo vyote kwenye boksi langu havimo. Kuna mikia ya ng'ombe.

Halafu sikilizeni linaloniuma zaidi. Hao "Wazulu" Lugalo walikuwepo kweli, ila upande wa pili! Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani ambaye wazee wa kwetu wanamjua kwa jina la Nyundo, alikuja na askari Wasudani waliotolewa Misri na wengine walioandikishwa Msumbiji, ambao Wajerumani wenyewe waliwaita Wazulu. Kwa hiyo duka limechukua watu wanaofanana na wavamizi likawabandika jina la waliovamiwa. Mtu angefungua kitabu kimoja tu cha historia asingefanya hivyo.

Zelewski mwenyewe kwenye katalogi za watu hukosi wa kumtengeneza. Maofisa wa Kijerumani wamechongwa hadi mnyororo wa saa kifuani, kila mmoja na sura yake. Ukimuulizia Mpangile, nduguye Mkwawa, ambaye ndiye aliyewaongoza Wahehe siku ile, wanakuangalia tu. Huyu mtu alilisambaratisha jeshi la mkoloni kwa mapigano ya dakika chache, Zelewski akafa hapohapo na askari wake zaidi ya 200, bunduki karibu 300 zikaenda Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa. Wajerumani wakaja kumuua mwaka 1897. Hana kijisanamu hata kimoja nilichowahi kukiona.

Kanuni nazo ni balaa. Zile tunazochezea klabuni kwetu zimewapa "wenyeji" alama za chini kabisa za nidhamu, wote kwa pamoja, bila kujali ni watu gani na mwaka gani. Kila raundi lazima urushe dadu kuona kama wamekubali kutii amri yako, na wakisikia mzinga lazima urushe tena kuona kama wamekimbia. Nikawauliza: watu wapatao 3,000 walilala vichakani kando ya njia, kimya, msafara mzima ukaingia katikati yao, wakasubiri ishara ndipo wakainuka. Hiyo si nidhamu? Upande wa Zelewski ndio uliokuja umenyooka kwenye njia nyembamba, wengi bunduki zao hazijajazwa. Kwa kanuni hizi Lugalo haiwezi kutokea. Nimejaribu na kujaribu, Wahehe wanavunjika kabla hawajafika barabarani. Mwenyekiti wa klabu ananiambia basi "tuwaongezee bahati". Bahati! Mpango wa vita uliopangwa na watu wenye akili zao unageuzwa kuwa bahati ya dadu.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo unapouona moyo wa mtu. Kuna jamaa klabuni fundi haswa, afisa mmoja wa Kijerumani anamfanyia kazi jioni hata jioni, mboni za macho, vifungo, wekundu wa jua puani. Kikosi kizima cha askari wake weusi amekipulizia rangi nyeusi ya kopo, akapitisha brashi ya kahawia juujuu, kisha akawapaka midomo myekundu. Myekundu ya damu! Nilipomwambia afute akasema ndivyo alivyofundishwa. Basi wacha niseme inavyofanywa, huenda yuko anayeanza. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu ndani yake. Kwenye vivuli, chini ya taya na nyuma ya magoti, pitisha zambarau nyembamba iliyochanganywa na maji mengi. Panapopiga mwanga, kwenye mashavu, paji la uso na mabega, panda taratibu kwa rangi ya udongo mwekundu kisha ya mchanga wa njano. Usiguse nyeupe, nyeupe inaifanya ngozi ionekane imejaa majivu. Na badilisha mchanganyiko kila baada ya watu wachache, maana hakuna kijiji duniani ambacho watu wote wana ngozi moja.

Kwenye maonyesho nako nimekatwa alama. Nilipeleka askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani waliopigana Tanga, Novemba 1914. Mwamuzi akasema kofia zao zilipaswa kuwa nyekundu. Picha za wakati ule zimejaa tele: askari akiwa vitani kofia yake ndefu imefunikwa kitambaa cha kaki, kitambaa kingine kinaning'inia kufunika shingo, mbele pana nembo ya tai. Nyekundu vitani ingekuwa kujichongea risasi. Na pia wengi wao mwaka huo walikuwa bado na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, zinazofuka moshi mzito kila zikilia, kwa hiyo nikawatengenezea moshi kwa pamba. Akaandika kwamba pamba "inachafua mandhari".

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko kofia. Wapagazi wako wapi? Vita vile vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki viliendeshwa kwa mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara za magari zilikuwa chache, kila risasi na kila kibaba cha chakula kilibebwa kichwani, mzigo wa kilo 25 hadi 30, mvua na jua. Wapagazi waliwazidi askari kwa mbali sana, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Nyuma ya askari wa Kijerumani walifuata pia wake zao na watoto, kambi nzima inatembea. Pale Nairobi mnara wa askari una watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo ya Dar ilikuwa kambi yao chini ya Waingereza. Mezani kwetu? Kuna kipande cha karatasi ngumu kimeandikwa "mizigo". Unakisogeza kwa kidole. Nilipojitolea kutengeneza msafara kamili kwa gharama zangu nikaambiwa utajaza meza na kuchelewesha mchezo. Ndiyo, utachelewesha! Vita vyenyewe vilichelewa kwa sababu hiyohiyo.

Kilichonifanya niondoke klabuni kabisa ni karata. Walitunga mchezo wa Maji Maji, shambulio la boma la Mahenge, 30 Agosti 1905, bila shaka kwa sababu pale waliokuja kwa mikuki walikutana na bunduki za rashasha, na kuna watu wanafurahia kuondoa vijisanamu mezani kwa makumi. Wakatengeneza karata ya "maji ya uchawi". Ukiivuta unamwaga tone la maji juu ya kikosi chako, unarusha dadu, ukikosa kila mtu anacheka. Nikawaambia Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji hayo, alinyongwa Agosti 1905, na yale maji yaliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayajawahi kukaa pamoja. Nikawaambia baada ya hapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala kusini kote, njaa ikaua watu kuliko risasi. Nikawaambia Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa 1906, na ukoo wake hadi leo unatafuta kichwa chake, rais wa Ujerumani Steinmeier alikwenda mwenyewe Songea Novemba 2023 akaomba msamaha mbele yao. Kimya kidogo. Kisha mmoja akasema, "Huu ni mchezo tu," akavuta karata. Nikakusanya vijisanamu vyangu nikaondoka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwenu. Aliyeko Iringa au anayepita barabara ile, ingia makumbusho ya Kalenga, uliza kama wanaruhusu picha, na kama wanaruhusu nipigie mikuki na ngao kwa karibu, mbele na hasa nyuma pale mkono unaposhika, maana upande huo hakuna anayeupiga. Mwenye wazee wanaojua mavazi ya Wahehe wa wakati ule awaulize aandike hapa, hata kama ni jambo dogo la namna ya kufunga nguo kiunoni. Nimempata kijana Mtanzania anayechonga kwa kompyuta na ana printa ya 3D, tumeshakubaliana bei, ataanza na Mpangile, kisha wapagazi.

Duka bado halijanirudishia hela. Leo asubuhi nimewatumia tena picha ya kile kitako chenye neno Zulu. Kama kuna mwingine humu aliyeuziwa boksi la namna hiyo aje faragha nimtajie jina, tuwaandikie kwa pamoja.