Forester XT: bloofu inapiga "tututu" nikipanda Mbeya, Dar iko poa. Nikaze au nilegeze?

xt_wa_mbezi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina Forester XT ya 2004, bodi SG5, injini EJ20 ya tabo, manyuo. Nilivyoinunua nilikuta mwenye nayo wa kwanza ameshafunga bloofu (valvu ya kutoa hewa ya tabo ukiachia mafuta) ya kumwaga hewa nje, ile ya pistoni yenye skrubu juu, haina hata jina. Nikiwa Dar inapiga pshhh safi kabisa ila kila nikienda Mbeya kumsalimia mama, nikishamaliza kupanda Kitonga tu nikiachia mafuta inaanza tututututu, halafu mara nyingine nakaribia tuta nakanyaga klachi gari inazima. Fundi mmoja kasema nikaze skrubu mpaka mwisho busti (hewa inayosukumwa na tabo) isivuje, mwingine kasema nilegeze. Nimsikilize nani? Na hii kitu ina sevisi au ndo mpaka ife?

spana_14
Usikaze mkuu, huyo wa kukaza kachanganya mambo. Springi siyo inayozuia busti. Angalia ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda) kwenda juu ya bloofu, ukikanyaga mafuta busti inayosukuma pistoni kwa chini ndo hiyo hiyo inapita kwenye mpira inaikandamiza kwa juu, yaani ngoma droo, springi inaongezea kidogo tu pistoni inabaki imefunga. Ukiachia mafuta throtoli (mlango wa hewa wa injini) inafunga, kwenye manifoldi inakuja vakyumu (mvuto wa hewa) inayovuta pistoni juu, hewa iliyokwama kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo) inapata mlango wa kutokea. Ukikaza springi sana vakyumu inashindwa kuivuta, hewa inakosa pa kwenda inarudi kinyumenyume kwenye kompresa ya tabo, mapanga yanaikatakata, ndo hiyo tututu yako. Kama busti inavuja kweli tafuta oringi (pete ya mpira) iliyochoka au mpira uliopasuka.

boxer254
Boss, mimi niko Nairobi na hiyo ya Mbeya naielewa sana. Ni mwinuko. Sisi na Mbeya tuko karibu sawa, mita kama 1,700. Huku juu presha ya hewa ni kama 82 kPa, huko kwenu pwani ni 101. So geji ya vakyumu ikisoma inchi 20 za zebaki ukiwa Dar gari ikinguruma tu imesimama, huku juu injini hiyo hiyo itasoma 14 au 15 na haina ugonjwa wowote. Springi ni ile ile lakini wa kuivuta amepungua nguvu. Iseti ukiwa huko juu, ikikubali Mbeya basi Dar itafungua bila shida, ila ukishuka hakikisha haibaki wazi gari ikiwa imesimama.

xt_wa_mbezi
Aisee hiyo ya mwinuko hakuna aliyewahi kuniambia. Sasa naisetije, na kuzima je?

spana_14
Kabla hujagusa skrubu kagua mpira wa vakyumu mwanzo mwisho, hasa pale kwenye nipeli (kidomo cha kuchomekea mpira) ncha zake hupasuka na kwa macho huoni mpaka uukunje. Mpira ukivuja utakesha na skrubu bure.

Kuseti: washa gari mpaka injini ipate moto wake, iache sailensa (ingurume tu bila kukanyaga mafuta), weka kipande cha tishu kwenye mdomo wa bloofu. Ikivutwa ndani maana yake pistoni iko wazi, na kwa hii ya kumwaga nje hiyo ni mbaya kwa sababu inavuta hewa ambayo haijahesabiwa na pia vumbi linaingia bila kupita ea klina (na barabara zetu hizi unazijua). Kaza nusu mzunguko, pima tena, mpaka tishu isivutwe. Hapo ndo pa kuanzia, usiendelee kukaza. Ingia barabarani pandisha busti, achia mafuta ghafla, ikipiga tututu ndefu legeza robo robo. Ukimaliza funga loki nati, wengi wanaisahau halafu skrubu inajizungusha yenyewe. Ile tututu fupi ya kuachia mafuta kidogo kwenye foleni isikuumize kichwa.

Kama hupati sehemu ambayo inafunga sailensa na pia haipigi tututu, basi springi ya humo ndani siyo saizi ya gari yako, na hizi zisizo na jina ndo zilivyo.

mzee_wa_plagi
Kijana mimi nitakwambia tofauti na wenzangu, toa hilo dude rudisha la kiwandani. EJ20 inahesabu hewa kwa sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) pale kwenye ea klina. Hewa ikishapita hapo kontroo boksi (kompyuta ya injini) imeshaitengea mafuta yake, wewe unaenda kuimwaga nje, mafuta yanabaki hayana hewa ya kuungua nayo, ndo unaona moshi mweusi ukibadili gia, plagi zinakuwa nyeusi na gari inazima kwenye tuta. La kiwandani linairudisha kwenye bomba la kuingilia tabo, baada ya sensa, hesabu inabaki sawa. Haipigi pshhh ya kutisha watu lakini gari inatulia. Wenye 1JZ-GTE ya Toyota wao injini inasoma presha ya manifoldi kwa sensa ya MAP ndo maana wanamwaga nje bila wasiwasi, usiige tu.

Sevisi ipo. Hii ya pistoni ifungue, futa masizi na oili ya breza (mpira wa pumzi ya injini) inayoganda humo, usiloweke oringi kwenye petroli zinavimba, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana maana ukijaza inakamata vumbi pistoni inaganda. Pistoni isukume kwa kidole, ishuke na kurudi bila kukwama. La kiwandani ni la daiaframu (utando wa mpira), halipakwi kitu. Ulipime kwa kunyonya nipeli yake kwa mdomo, valvu ifunguke, ziba na ulimi ibaki hivyo hivyo. Ikirudi yenyewe daiaframu imechanika.

prado_la_mkoa
Nami nataka hiyo pshhh kwenye Prado yangu ya dizeli 1KZ, inawezekana?

spana_14
Mkuu kwenye dizeli hewa haizibwi ukiachia mafuta kama kwenye petroli, kwa hiyo hakuna busti inayokwama. Zile unazosikia zimefungwa umeme na suichi kwa ajili ya kelele tu. Hela hiyo badilishia oili.

xt_wa_mbezi
Nimerudi wakuu. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye nipeli kama ulivyosema, nimekata ile ncha nikarudishia, na skrubu kumbe ilikuwa imekazwa karibu yote. Tututu imepungua sana ila kuzima bado, mara moja moja. Nimepata la kiwandani pale Ilala, daiaframu inashika. Gasketi ya kwenye intakula ni ya bati na haijapinda, naweza kuirudishia hiyo hiyo?

mzee_wa_plagi
Rudishia, isafishe tu pande zote mbili. Na bolti kaza kwa adabu, intakula ni alumini hiyo.