Mrejesho: mdundo wa indastrio kwa sauti chache

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kupata muziki wa dansi wa indastrio (ule wa kielektroniki wenye milio ya kiwandani) wenye uzito bila kurundika sauti, nanyi mkanishauri besi niitoe kwenye kiki yenyewe, yaani lile pigo zito la ngoma ya chini. Imekubali! Nimeipeleka kiki kwenye riveba (kifaa cha kuongeza mwangwi), mwangwi wake nikaupitisha kwenye distosheni inayoikwaruza sauti, kisha kwenye kichujio kinachobakiza masafa ya chini tu. Kilicholeta tofauti kubwa ni saidicheni: kila kiki ikigonga, ule mngurumo unashuka kuipisha, halafu unapanda tena kati ya pigo na pigo. Sasa ni kama mashine inapumua. Chini ya Hz 100 hivi kila kitu nimekiweka mono (sauti ileile kushoto na kulia), na kiki imesimama imara.

Juu yake kuna mlio mmoja wa chuma na haihati (matoazi madogo), basi. Kasi ni mapigo 132 kwa dakika. Badala ya kuongeza ala, nafungua kichujio cha ule mlio taratibu ndani ya baa 32 (baa moja ni mapigo manne); noti ni ileile, lakini wimbo unasogea, na hilo limenifurahisha mno.

Bado sijaamua sehemu ya katikati. Nikitoa kiki kwa baa 8 inarudi kwa kishindo kizuri. Baa 16 naona mvutano unalegea. Ninyi mnaishia ngapi?