Naomba ushauri: mitego ya ndege ya babu inaliwa na dumuzi

Habari zenu wana jamvi. Shikamooni wakubwa.

Niko Muheza. Babu, Mbondei, ametuachia vifaa vyake vya kutegea ndege: tenga la mianzi, vijiti vya ulimbo, na mitego ya fimbo yenye vitanzi vya kunasia kwale na kanga. Huu wa fimbo ndio unaonivutia zaidi. Fimbo mbichi inapindwa, inazuiwa na kijiti kidogo chenye chambo. Ndege akidonoa, kijiti kinachomoka, fimbo inanyooka ghafla na kitanzi kinamkaza. Hakuna msumari hata mmoja!

Sitaki kutega. Najua Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na ndege wetu wa Usambara wengine hawapatikani kwingine duniani. Nataka vitu hivi vidumu, watoto waone wazee walivyokuwa na akili.

Shida ni dumuzi. Tenga linamwaga unga kila nikiligusa. Mafuta ya taa yanafaa, au yataharibu mianzi? Moshi wa jikoni je, kama tunavyohifadhi mbegu za mahindi darini?

Pili, vitanzi ni vya katani, na mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893. Kabla ya hapo wazee walisokota nyuzi za mti gani? Wenye wazee Amani, Magoroto au Lushoto, tafadhali waulizeni mapema, wanatutoka hawa.

Tatu, ndugu wanataka tumuuzie mtalii. Mimi naona heri viende makumbusho. Mnanishaurije?