Uji wa shule: kwa nini tunawachangisha wazazi Februari na si msimu wa korosho?

Mwalimu_Mzazi (Tandahimba)

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha darasa la nne kijijini, na mwanangu wa pili yuko darasa la pili shule hiyohiyo. Mkutano wa wazazi ukiitwa, nakwenda kama mwalimu na kama mama.

Jambo lenyewe ni hili. Oktoba ikiingia darasa langu linapungua. Nina watoto 71 kwenye daftari la mahudhurio. Jumatatu moja mwaka jana nilihesabu 44. Hata hao waliofika, baadhi mashati yao meupe yalikuwa na madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na wa huku wote tunajua doa la bibo halitoki kwa sabuni. Walikuwa wametoka kuokota alfajiri. Na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unaangukia humohumo, Oktoba mwishoni.

Nina mtoto mmoja wa kiume, mpole, hesabu anaziweza. Siku hiyo kipindi cha nne alilala juu ya dawati. Nilipomgusa bega aamke, korosho zikamwagika kutoka mfukoni, zikatawanyika sakafuni. Nikamuuliza za nini. Akasema anampelekea mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, njiani apate mia mbili ya muhogo, kwa sababu hajala tangu jana mchana. Sikumchapa. Niliinama tukaziokota pamoja, na somo la siku ile sikumbuki nililimalizaje.

Tangu hapo nimeshika suala la uji. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 na nashukuru, wanangu wamefaidika. Lakini ruzuku ya mwanafunzi wa msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Igawe kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 52 kwa siku, na humo kuna chaki na karatasi za mitihani. Uji hautoki humo. Chakula cha mtoto wa kutwa kimebaki kwetu wazazi.

Sasa sisi tunaitisha mchango lini? Februari, Machi. Fedha ya korosho imekwisha, mihogo ndiyo inayotuvusha, halafu kamati inataka 1,500 kila mwezi. Watu hawaji mkutanoni, tunawaita wagumu. Si wagumu. Unyago wa Desemba, mtu huyohuyo anachinja, anapika pilau, anakodi ngoma, kwa sababu fedha ipo. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo nne tu kwa kila mtoto, zikatwe ghalani zinakokusanywa kabla ya mnada, kwa ridhaa ya mzazi mwenyewe, ni uji wa mwaka mzima.

Kuna shule iliyowahi kufanya hivi kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima? Mlianzaje?

Baba_wa_Newala

Mwalimu, shikamoo. Hilo la wakati umelisema vizuri, mimi Machi huwa najificha kweli nikiona mwenyekiti wa kamati anakuja. Ila nikwambie kinachotukwamisha sisi. Mwaka fulani tulitoa mahindi, debe kwa kila kaya. Uji ulipikwa wiki tatu, halafu kimya. Tuliuliza, tukaambiwa yameliwa na fukusi. Magunia yote? Hakuna aliyetuonyesha hata gunia moja lenye unga wa fukusi. Mkikata kilo, bandikeni ukutani pa ofisi: zimeingia ngapi, zimeuzwa bei gani, unga umenunuliwa wapi. Na mama mmoja asiye wa kamati ashike ufunguo wa stoo.

Mwl_Nachingwea

Dada, mimi ni mwalimu mwenzio. Angalia mambo mawili. Kwanza, waraka wa 2016 wa elimu bila malipo hauruhusu mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Siku ya kwanza mpishi akipewa orodha ya kuwaruka wasiotoa, mpango umekufa. Nimeona watoto wamesimama nyuma ya jiko wakiangalia wenzao, sitaki kuliona tena.

Pili, kuna wasio na mikorosho. Darasani kwangu watoto wengi wanalelewa na bibi zao. Sisi bibi anatoa mbaazi au karanga kisado kimoja, asiye na kitu analeta kuni. Karanga zikitwangwa zikaingia kwenye uji, utaona mtoto anavyochangamka kipindi cha tano.

Mkazi_Mtama

Kwani kodi tunalipa za nini? Serikali itoe chakula. Mkianza kukata korosho watazoea.

Mwalimu_Mzazi (Tandahimba)

@Mkazi_Mtama, kaka, nami natamani itoe, na mkutanoni nitalisema hilo mbele ya diwani. Ila yule mtoto ana njaa muhula huu.

@Baba_wa_Newala, marahaba. Pole kwa mahindi yenu. Ufunguo kwa mama wa nje ya kamati nimeuandika kwenye daftari langu, na nitaupendekeza mwenyewe kabla mzazi hajauliza.

@Mwl_Nachingwea, asante sana. Hilo la watoto kusimama nyuma ya jiko nitalieleza kama ulivyoliandika.

Nimezungumza na mwalimu mkuu, amekubali tupeleke hoja kwenye mkutano wa kijiji kabla maghala hayajafunguliwa. Sufuria kubwa tunalo. Kinachonisumbua ni maji: huku juu Umakondeni watoto tayari wanabeba madumu ya kumwagilia miti na kusafisha vyoo, na sitaki kuwaongezea dumu la uji. Mwenye shule iliyojenga tanki la kuvuna maji ya mvua kwa nguvu za wazazi aniambie walitumia mifuko mingapi ya saruji, na lilikuwa la lita ngapi.